Betri Iliyo Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Usiku wa jana niliota mama mkwe wangu ananikaribisha chumbani kwake. Kwetu jambo hilo peke yake lingetosha kumwamsha mwanamume mwenye akili timamu, lakini mimi niliendelea kulala.

Kwanza nieleze hali ilivyo nikiwa macho. Mama Nyangeta, mama wa mke wangu, anaishi ndani ya tishari, lile boti pana la chuma la kubebea mizigo. Limefungwa kwenye mfereji wa zamani wa kiwanda cha pamba, nje kidogo ya Musoma. Marehemu mume wake alilinunua kama chuma chakavu, akalijengea vyumba vya mbao, akaapa kwamba hatoki humo. Yeye ametoka, kwa njia yetu sote, na mama amebaki. Tishari linavuja, si sana. Kuna pampu ndogo inayojiwasha yenyewe kila maji yanapokusanyika chini ya sakafu. Inakohoa kidogo, inayatoa, inanyamaza.

Sasa mama alimtuma mke wangu kwangu. Mwambie mumeo anitengenezee kitu cha kuangalizia filamu jioni, ila kisinimalizie betri, maana paneli yangu ya sola ni moja tu.

Nikatengeneza. Kompyuta yenyewe ni ndogo kama kipande cha sabuni, haina feni, filamu ziko kwenye fleshi, na skrini ni ile ya kufungwa kwenye gari. Vyote kwa pamoja havifikishi wati kumi na tano. Nilijisifu mtaa mzima, hata kwa watu wasiojua wati ni nini.

Jana mchana nikaenda kuifunga. Tatizo ni kwamba betri iko chini ya kitanda cha mama mkwe, na mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, awe fundi au asiwe. Kwa hiyo nikapitisha nyaya dirishani kutoka nje, nikageuka, nikayatazama mafunjo. "Mama, nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi," nikasema. Nikasikia anahangaika chini ya kitanda. Baadaye akasema, "Tayari, baba." Skrini ikawaka. Nikarudi nyumbani, nikala samaki, nikalala.

Ndotoni nimesimama sebuleni mwa tishari. Nimevaa suti yangu ya harusi, na soksi moja imelowa. Mama mkwe amekaa kwenye kochi, anaangalia filamu.

"Karibu chumbani, baba," anasema bila kugeuka. "Betri inakuulizia."

"Shika," nikamsalimu.

"Mara," akaitikia.

Tukaishia hapo. Ni mimi niliyemtuma mke wangu amwambie kwamba betri ya aina ile hainywewi zaidi ya nusu, ukipita nusu unaiua. Amri hiyo ilikuwa imeenea boti zima. Mezani palikuwa na nusu ya sato na nusu ya ugali. Kalenda iliishia Juni. Picha ya marehemu baba mkwe ukutani ilianzia kichwani ikaishia kifuani. Nikakumbuka kwamba hata nikiwa macho picha ile iko hivyo, nikapata nafuu kidogo.

Kwenye skrini, bibi harusi amesimama mlangoni mwa kanisa, mguu mmoja uko hewani.

"Wewe ndiye fundi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Filamu imefika nusu. Mguu niushushe au nisiushushe?"

"Subiri kidogo, naenda kuangalia betri."

"Mama mkwe wako anataka kujua kama naolewa."

"Hata mimi nataka kujua," akasema bwana harusi kutoka ndani.

Kompyuta yangu ikaniita kutoka juu ya rafu. Ilinong'ona, kwa sababu niliitengeneza itumie umeme kidogo. "Fundi, punguza wasiwasi."

"Wasiwasi wangu unakuhusu nini?"

"Unakula wati arobaini. Mimi nakula tano. Sasa nani anammalizia mama betri yake?"

Nikajitazama. Kweli, waya ulitoka mfukoni mwa koti langu ukaingia ukutani, na kila moyo ulipopiga, taa ilififia. Nikajaribu kufikiria jambo la kutuliza. Nikafikiria harusi yangu. Nikakumbuka kuwa siku hiyo nilichelewa kufika, na taa ikabaki kama punje. Soksi ya pili nayo ikalowa. Niliogopa, na kuogopa kwenyewe kulikuwa kunakula umeme, kwa hiyo niliogopa zaidi.

Nafungua mlango wa chumba, na ndani si chumba. Ni soko la samaki la Musoma, mchana kweupe. Wajomba na baba wadogo wa Nyangeta wameketi kwenye mabenchi, maji yamewafika magotini. Wamekunja suruali zao vizuri. Hakuna anayeyataja maji.

"Mkwe wetu," akasema Baba Mdogo Magesa, ambaye ndiye aliyepokea mahari yangu, "umekuja kuomba nini?"

"Naomba kuingia chumbani kwa mama."

Wakatazamana. Muuza dagaa akaacha kupima.

"Kufanya nini?"

"Kuangalia nyaya."

"Si ulikuwepo mchana? Hukuziangalia?"

"Niligeuka, baba. Kwa heshima."

"Ulifanya vizuri," wakasema wote. Maji yakafika kiunoni.

"Na hukumuuliza kama kuna kitu kingine kimefungwa kwenye betri ile?"

"Niliona aibu. Angedhani namhoji habari za chumbani kwake."

"Ulifanya vizuri sana," wakasema. Maji yakafika kifuani. Baba Mdogo Magesa akainua kofia yake isilowe, akashauriana na wenzake, kisha akatoa uamuzi. "Ruhusa tunakupa. Nusu."

Naingia nusu. Yaani jicho moja, mkono mmoja wenye bisibisi na mguu mmoja. Upande wangu wa pili umebaki sokoni, na ninasikia kwa sikio la huko mtu akiuliza bei ya sangara.

Betri iko chini ya kitanda, imevaa kanga ya mama. "Nimekungoja," ikasema. "Ingia."

"Nimepewa ruhusa ya nusu."

"Basi angalia nusu."

Naangalia. Kwenye alama nyekundu kuna waya wangu mwekundu, umekazwa vizuri kuliko ambavyo ningeukaza mwenyewe. Uko peke yake.

"Kabla ya waya wangu," nikauliza, "hapa palikuwa na nini?"

"Muulize huyo aliyekaa ukutani."

Nikageuza jicho. Kwenye stuli, kando ya ukuta, imekaa pampu. Imevaa koti la safari, na mkoba uko mapajani. Nyaya zake mbili zinaning'inia miguuni kama kamba za viatu zisizofungwa. Inaonekana inabana kikohozi.

"Wewe mbona umevaa koti?"

"Niko likizo."

"Nani aliyekupa?"

"Mama. Ulisema nyekundu kwenye nyekundu. Nafasi ya waya wa pili hakuiona, akanitoa mimi. Alitaka kukuuliza kama ni sawa, ila ulikuwa umegeuka, akaona si adabu kumwita mkwe dirishani. Akasema fundi anajua."

"Na maji?"

"Yapo," ikasema pampu, ikainua miguu.

Nikasukuma mlango niingie na nusu ya pili. Mlango ukasema kibali hakisemi hivyo. Nikasukuma kwa bega. Sokoni baba wadogo wakaanza kupiga makofi taratibu, maji shingoni. Nikapaza sauti kuelekea sebuleni: "Mama, pam..."

Neno likaishia nusu.

"Asante, baba, ni nzuri sana," akaitikia mama mkwe. Kupitia mlango nikamwona anaipandisha miguu yake juu ya kochi, taratibu, asikose hata neno moja la filamu.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Soksi sikuwa nimevaa, na miguu ilikuwa mikavu. Nilikaa kitandani nikijiambia kwamba ndoto ni ndoto, na kwamba samaki wa usiku si kitu cha kuaminiwa. Nyangeta akaingia na kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, uso umejaa furaha.

"Mama ametuma ujumbe wa sauti. Sikiliza, anakusifia."

Akaubonyeza.

"Nyangeta, mwambie mume wako asante sana, Mungu amzidishie. Nimeangalia mpaka mwisho, na yule binti ameolewa. Halafu mashine yake haina kelele kabisa, mwanangu. Hata ile pampu imetulia, haikukohoa usiku kucha, nimesikia kila neno. Ila sijui paka amepita humu. Nimeamka kandambili zangu hazipo kando ya kitanda, nimezikuta zimefika jikoni, zimelowa."

Nyangeta alicheka. Mimi nikamwomba auweke tena. Nikasikiliza nyuma ya sauti ya mama, pale ambapo siku zote pana kikohozi. Palikuwa kimya.

Nikavaa suruali, nikachukua bisibisi juu ya kabati.

"Mpigie mama," nikasema. "Mwambie ashuke nchi kavu sasa hivi, asibebe kitu. Mimi naenda kuingia chumbani kwake."

Nyangeta akaweka kikombe chini. "Kuingia wapi?"

"Chumbani kwa mama," nikasema. "Mzima mzima."