Mfuko wa Damu ya Dagane

Tangu mimba ya Ruweyda ilipotimia miezi saba alikuwa akivuja damu, na mkunga alionya kwamba kuzaa kwake kutakuwa na hatari. Ndiyo sababu kaka yake, Dagane, aliacha ngamia malishoni akaja zahanati huko Bute kutoa damu mapema. Ndugu wengine walipimwa, damu zao hazikupatana na ya Ruweyda. Mvua za mwaka 1997 zilikuwa zimekata barabara ya Wajir, na mfuko uliotiwa damu ya Dagane ndio uliokuwa wa mwisho zahanatini.

Asubuhi uchungu ulipomshika Ruweyda, damu ilitoka bila kukoma. Mueni, mwanamke wa Kitui aliyekuwa mhudumu wa maabara, akakimbilia friji. Ilikuwa friji ya mafuta ya taa, na za aina hiyo moto ukizidi, baridi nayo huzidi. Wakati wa joto kali alikuwa ameupandisha utambi; mvua zilipoleta ubaridi hakukumbuka kuushusha. Aliukuta mfuko mgumu kama jiwe.

Akautia kwenye maji ya uvuguvugu. Kwa kawaida damu ikitulia, chembe nyekundu huzama na maji ya manjano hubaki juu. Hii ilikuwa nyekundu tupu juu hadi chini, ikipitisha mwanga kama sharubati.

Dagane, aliyesimama mlangoni, alisema imeshayeyuka, apewe dada yake. Mueni akakataa. Alimweleza kwamba kila chembe ya damu imefungwa ndani ya utando mwembamba wa mafuta. Mwilini utando huo ni laini kama samli iliyoachwa juani. Chembe hujikunja ikapenya mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, isipasuke. Baridi huukakamaza, kisha barafu huuchana. Yaliyobaki mfukoni yalikuwa maganda, na kilichomwagika kingemharibu Ruweyda figo.

"Samli ikishika baridi, si tunaweka kwa moto inarudi?" Dagane akauliza.

"Samli hurudi. Utando uliochanika haurudi."

Dagane akakunja mkono wa shati, atolewe nyingine. Mueni akamwambia kwamba mifuko imekwisha, na bila dawa iliyomo ndani yake damu ingeganda kabla ya kumfikia mgonjwa. Wakaomba ndege kwa redio. Wakajibiwa kuwa uwanja umejaa maji. Wakamtundikia maji ya chumvi, na damu iliyomtoka ikazidi kuwa nyepesi. Kabla ya adhuhuri Ruweyda alikata roho, na mtoto wake hakulia.

Baada ya mazishi Dagane alirudi, miguu imejaa matope, akaketi kwenye benchi la maabara.

"Daktari, watu wanasema damu yangu ilikataliwa. Iko na ubaya gani?"

"Haikuwa na ubaya wowote. Mimi ndiye niliyeuacha moto wa friji juu."

Dagane akasema, "Hooyo, mama yetu, usimwambie habari ya moto. Wacha aseme ni Mungu."

Akarudi kwa ngamia wake, na hakuonekana tena Bute msimu ule. Mama yake, Fatumo, alifika zahanati mara kwa mara na kibuyu cha maziwa. Alimshika Mueni mikono yote miwili, akamwombea dua kwa jinsi alivyohangaika na binti yake. Mueni akaitikia amina, akayapokea maziwa.