Raketi ya Sindano

Tak. Kimya. Tak. Kimya. Kisha kitu chepesi kikaanguka, na mtu akanong'ona, "Aka!"

Kulikuwa bado giza. Nilivaa kandambili nikaifuata sauti mpaka jikoni, nikamkuta mjukuu wangu amesimama mbele ya ukuta, mkononi ana kifuniko cha sufuria. Kinyoya cha badminton kilikuwa kimelala miguuni pake. Alikuwa ametandika blanketi lake sakafuni, ili hatua zake zisimwamshe nesi anayekaa chini yetu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hicho ndicho kifuniko cha wali wangu."

"Samahani, Bibi. Nimekiosha."

"Umekiosha kabla ya kupigia ukuta au baada?"

"Kabla. Na baada nitakiosha tena."

Nyumbani tunamwita Sindano. Ni mrefu, ni mwembamba, na mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo jina lilikuja lenyewe. Ana miaka kumi na miwili. Alihamia kwangu mwanzoni mwa mwaka, mama yake alipopata kazi mbali, na alikuja na begi moja na maneno machache. Shuleni alikuwa akikaa peke yake, mpaka siku mwalimu wa michezo alipomwita ukumbini akampa raketi ya shule ajaribu. Siku hiyo alirudi akaongea kuanzia mlangoni hadi chakula kikaisha kwenye sahani. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kicheko kama cha mama yake.

Sasa, pale jikoni, nilimtoa habari kidogo kidogo kama anayetoa mwiba. Mwalimu alikuwa amesema Jumamosi atachagua wanafunzi wanane wa kuendelea na mazoezi. Raketi za shule zilikuwa nne, na mbili kati yake zimekatika nyuzi. Anayetaka kuchaguliwa aje na yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na zile sare za kushona, Bibi. Nikaona nisikuongezee."

Nilimimina chai, tukanywa. Moyoni nilishaamua. Mtoto huyu atasimama Jumamosi na raketi yake mkononi. Akishindwa, ashindwe kwa kushindwa mchezo, isiwe kwa kukosa kifaa.

Siku hiyohiyo, yeye akiwa shuleni, nilichukua akiba yangu kwenye kopo la vifungo nikaenda duka la vifaa vya michezo. Nilitaka arudi aikute mezani. Msichana wa duka alinipangia raketi tatu za bei ya chini, nami nikazipima mkononi moja moja. Ndivyo ninavyonunua vitu siku zote. Kitambaa kizuri kina uzito wake, mkasi mzuri ni mzito, pasi nzuri ni nzito. Kitu chepesi hakidumu. Nikachagua iliyokuwa nzito kuliko zote, ya chuma, na nyuzi zake zimekazwa mpaka ukizigusa zinalia.

"Mama, atakayecheza ni nani?" msichana akauliza. "Kama ndiyo anaanza, labda..."

"Mwanangu, mimi nilishika mkasi kabla mama yako hajaota meno. Nifungie hii."

Alitabasamu tu. Akaifunga vizuri kwa karatasi, na juu yake akaweka kinyoya kipya, bure. Nilimshukuru kwa haraka haraka, na baadaye niliona aibu kwa haraka ile.

Sindano alipoiona aliikumbatia kama mtoto mchanga. "Nzuri sana, Bibi! Nzuri sana!" Alisema hivyo mara nne. Mtu anayesema kitu mara nne anajisaidia kukiamini, lakini wakati ule sikusikia.

Alfajiri ya Alhamisi zile tak zilikuwa chache. Kati ya moja na nyingine nilisikia pumzi. Wakati wa chai nikaona ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu."

"Sindano, nimelea watoto wanne. 'Hauna kitu' naijua kwa sura."

Akaangalia kikombe. "Ni nzito kidogo tu. Nikiinyanyua, kinyoya kimeshafika. Lakini nitazoea. Usiirudishe, Bibi."

"Kwa nini nisiirudishe?"

"Kwa sababu umeninunulia wewe."

Nilitaka kulia. Badala yake nilikaza kilemba. Miaka thelathini na sita sijawahi kukata nguo bila kumpima mvaaji. Mteja akiniambia, "Shona tu, dada yangu tunalingana," humwambia akamlete huyo dada. Halafu mimi huyo huyo nikaenda kununua kitu cha mkono na mkono wenyewe nimeuacha shuleni.

"Ukitoka darasani nisubiri getini," nikamwambia. "Tunatoka."

Dukani walisema haiwezi kurudishwa. Ilikuwa imeshachubuka kwenye ukuta wa jikoni kwetu, na sikuwa na la kubisha. Lakini yule msichana niliyemnyamazisha aliigeuza risiti yangu, akachora nyuma yake barabara, kona, na mlango wa kijani.

"Kuna fundi wa raketi pale nyuma ya washona viatu," akasema. "Anauza zilizotumika, lakini hauzi takataka. Mwambie nimekutuma mimi."

"Juzi nilikukatiza maneno, mwanangu. Nisamehe."

"Hata bibi yangu hunikatiza," akacheka. "Nimeshazoea."

Tulikwenda kwa miguu. Chumba cha fundi kilikuwa chembamba, raketi zimening'inia kwenye misumari tangu mlangoni hadi dirishani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mzima, kishikio kimoja cha miwani yake kimefungwa kwa kipande cha uzi wa raketi. Hakuinuka mpaka alipomaliza fundo alilokuwa akilifunga, na hapo nikampenda. Mimi pia sisimami katikati ya mshono.

Nikampa ile ya chuma. Akaitikisa mara moja, akaguna.

"Nani kachagua hii?"

Sindano akatazama dari.

"Ni mimi," nikasema.

"Mama unashona?" Alikuwa ameona kidole changu, pale sindano ilipokwangua ngozi miaka yote hii.

"Nashona."

"Basi nitakueleza kifundi. Mkasi wako ni mzito, sivyo? Ukikata, unakaa wapi?"

"Juu ya meza."

"Enhe. Meza ndiyo inaubeba. Na hii nani anaibeba?"

Nilitazama kile kiwiko chembamba kama kijiti cha kiberiti.  

Fundi alitoa raketi mbili kwenye misumari, akamwambia Sindano afumbe macho na azichezeshe hewani, moja baada ya nyingine. "Usiniambie ipi nzuri. Niambie ipi umeisahau kwamba unayo."

"Hii," akasema Sindano, na mkono wake ulikuwa bado unaruka.

Ilikuwa ya kaboni, rangi ya bluu imebanduka hapa na pale, nyepesi kama rula yangu ya mbao. Fundi akailaza juu ya kidole kimoja na ikatulia, kichwa hakikuinama. Akasema anayeanza haimfai raketi ya kichwa kizito, inamvuta mkono. Nyuzi nazo zilikuwa zimekufa, angezifunga upya bila kuzikaza sana.

"Si zikikazwa ndiyo zinapiga kwa nguvu?" nikauliza.

"Zikikazwa, nguvu zote anatoa mchezaji. Zikiwa laini kidogo, zinamsukumia kinyoya. Atakapokuwa na mkono wa kutosha, nitakaza."

Hapo nilielewa, tena vizuri. Uzi wa cherehani ukiukaza mno unakunja kitambaa na kukatika, ukiulegeza mno unafanya mafundo chini. Kila kitambaa kina mkazo wake. Kumbe na kila mtoto.

Nikatoa futi ya kupimia shingoni, maana huwa natembea nayo bila kujua, nikapima kiganja cha Sindano. Fundi alicheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akaacha kucheka, akaniomba ile futi, akapima mpini. "Mnene kwake," akasema. Akabandua utepe wa zamani, akazungusha mwingine mwembamba.

Bei yake ilikuwa chini ya ile niliyolipa dukani. Ile ya chuma akaichukua iwe sehemu ya malipo. "Nina mzee mmoja hapa hucheza kama anapasua kuni. Itamfaa."

Wakati akifunga nyuzi, niliona mfuko wa aproni yake umechanika, bisibisi zinachungulia. Nikamwambia avue. Nilikuwa na uzi na sindano kwenye mkoba, kama siku zote. Basi tukakaa, yeye anavuta zake, mimi navuta zangu, na Sindano katikati akiuliza maswali mengi kuliko aliyoniuliza tangu ahamie kwangu. Fundi alimjibu yote. Hakuna hata moja aliloliita la kitoto.

Ijumaa alfajiri nilisikia tak, tak, tak, bila pumzi katikati. Nikageuka upande wa pili nikalala.

Jumamosi ukumbini walikuwa ishirini na mmoja. Mwalimu alimrushia kila mmoja vinyoya ishirini, navyo virudi juu ya wavu. Wengine walikuwa na raketi zinazong'aa. Msichana mmoja akaitazama ya Sindano akasema, "Hiyo imefuliwa pamoja na nguo nini, mbona imechujuka?" Sindano akamjibu, "Ni ya kazi hii, si ya picha." Nilijifunika mdomo kwa mtandio.

Cha kwanza kiligonga wavu. Cha pili pia. Nilishika futi yangu kama tasbihi. Kisha akalegeza bega, akainamisha magoti kidogo, na mkono ukasahau kwamba una kitu. Cha tatu kikavuka. Cha nne. Nilihesabu kwa vidole, vya mikono vikaisha, nikaendelea na vya miguu ndani ya viatu. Alirudisha kumi na sita.

Mwalimu alisoma majina polepole. La kwanza halikuwa lake, wala la tano, wala la saba. La nane lilikuwa lake, na yule msichana wa raketi inayong'aa, ambaye alikuwa wa tatu, ndiye aliyepiga makofi kwanza. Nililiona hilo.

Hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Tulipita mlango wa kijani. Fundi alikuwa na fundo mkononi, kwa hiyo tulisubiri mlangoni mpaka alimalize.

"Je?" akauliza.

"Wa nane!" Sindano akapaza sauti hadi raketi ukutani zikatikisika.

"Kati ya wangapi?"

"Ishirini na mmoja."

Akaichukua ile ya bluu, akapitisha kidole kwenye nyuzi, akamrudishia kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtu mkubwa. Mfuko wa aproni yake ulikuwa umejaa bisibisi, na mshono umeshika.

"Nyuzi zikilegea, njooni," akasema. Tulikuwa tumeshafika barabarani alipotoa kichwa nje ya mlango. "Mama! Hata zisipolegea, njooni."