Maji ya Pipa la Tatu

Mwaka wa 1954, mvua za Aprili zilipokaribia, Owor alichimbia mapipa matatu ardhini chini ya mteremko wa Mama Abbo kule Iyolwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Nagongera, aliyesomea kilimo na kuajiriwa katika maabara ya udongo mjini Tororo. Mkuu wake, Mwingereza asiyependa maneno mengi, alikuwa amempa kazi iliyoonekana nyepesi. Serikali iligawa mbolea mpya ya unga kwa wakulima wa pamba, na wakulima walilalamika kwamba haifai kitu. Pamba ilibaki na majani ya manjano. Lakini kwenye kinamasi chini ya mashamba, mafunjo yalikuwa yamenenepa na kukolea rangi ajabu. Mtu yeyote mwenye macho angeweza kukisia mbolea ilikokwenda. Owor alitakiwa aseme ni kiasi gani kilichokwenda.

Aligawa mteremko vipande vitatu vya upana mmoja, akavizungushia mabati yaliyofukiwa nusu, ili maji ya kila kipande yaingie kwenye pipa lake tu. Mbegu zilikuwa za aina moja, mbolea kipimo kimoja. Alitaka vipande vitatu vinavyofanana, ili ajali ya kimoja isimdanganye.

Mama Abbo, mwenye shamba, alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikubali mapipa yawekwe kwake kwa sharti moja, kwamba hakuna mtu mwingine wa serikali atakayekuja kukagua pamoja na Owor.

"Wewe peke yako," alisema. "Nikiona kofia ya askari hapa, utayakuta mapipa yako barabarani."

Owor hakumuuliza kwa nini. Alifurahi tu kupata mteremko mzuri.

Kila baada ya mvua alikuja kwa baiskeli kutoka Tororo. Alipima kina cha maji, akakoroga tope kwa mti mpaka likachanganyika sawasawa, akajaza chupa. Chupa zilikuwa nyingi mno kwa baiskeli, kwa hiyo alizipeleka hadi barabarani na kumsubiri Zubairi, dereva wa Busia aliyebeba chumvi na nguo kwenda Tororo kwa lori lake. Zubairi alizipanga chupa kati ya magunia kwa uangalifu zaidi kuliko alivyopanga bidhaa za matajiri wake.

Mwezi wa Mei, Zubairi aliinua chupa tatu akazitazama juani.

"Owor, ndugu yangu, hii chupa mbili iko na chai ya maziwa," alisema. "Lakini hii ya tatu, mimi naweza kunywa."

Owor alikuwa ameliona hilo tangu wiki ya pili, na lilikuwa likimkera. Sababu aliijua. Chini ya kipande cha tatu, juu kidogo ya pipa, palibaki ukanda wa nyasi ambao haukupaliliwa, upana wa hatua tatu hivi. Vipande vingine viwili vilikuwa vimepaliliwa vyeupe, bila jani la nyasi, mpaka kwenye ukingo, kama sheria ya pamba ilivyotaka. Alikuwa amemwambia Mama Abbo mara mbili.

"Mgongo, mwanangu," Mama Abbo alijibu mara zote mbili. "Mgongo umenikataa. Nitapalilia kesho."

Kesho hiyo haikufika. Owor aliandika katika daftari kwamba kipande cha tatu kimeharibika, na akakusudia kukiondoa katika hesabu.

Majibu ya vipimo ndiyo yaliyombadilisha. Alifanya vipimo mwenyewe, akavirudia kwa sababu hakuyaamini macho yake. Kati ya kila sehemu kumi za mbolea iliyotiwa kwenye vipande viwili vya kwanza, karibu nne zilikuwa zimeingia kwenye mapipa pamoja na tope. Kwenye pipa la tatu haikufika hata sehemu moja. Alikaa na kalamu mkononi mpaka mfagizi wa maabara akamwomba ainue miguu.

Siku iliyofuata alikwenda Iyolwa bila kusubiri mvua. Alimkuta Mama Abbo akilima shamba la nafaka ya wimbi upande wa pili wa nyumba. Alikuwa amelima eneo kubwa tangu alfajiri, na jembe lilipanda na kushuka bila kusita.

Owor aliegemeza baiskeli. "Mama, nimekuja kukuuliza habari za mgongo wako."

Mama Abbo alisimama. Alilitazama shamba alilolima, akamtazama Owor.

"Utaniandika?" aliuliza.

"Nataka kujua kwa nini uliacha zile nyasi."

"Ukiandika, chifu atasoma?"

"Chifu hasomi madaftari yangu."

Mama Abbo aliketi juu ya kichuguu kilichobomoka, akampa Owor nafasi kando yake. Akamweleza polepole. Alipoolewa hapa, mama mkwe wake alimfundisha kuacha mistari ya nyasi kukata mteremko, mmoja chini na mmoja katikati, ili udongo usikimbie. Kisha ikaja amri ya mashamba safi. Askari wa chifu walizikuta nyasi, wakasema ni uvivu, na mumewe akachapwa viboko barazani mbele ya watu. Mwaka huo huo yeye na mumewe wakazing'oa zote. Baada ya misimu minne miamba ilianza kuonekana pale palipokuwa na udongo mweusi.

"Ulipoleta mapipa," alisema, "niliona hakuna askari anayekuja. Nikasema acha nijaribu kidogo tu, pale chini. Afadhali uniite mvivu."

Owor alijiona mdogo. Alikuwa amekuja mara kumi kwenye mteremko ule, akapima kila kitu, na hakuuliza hata swali moja. Alimwambia juu ya sehemu nne na ile sehemu isiyotimia moja. Mama Abbo alisikiliza kwa makini, akaomba arudie.

"Kwa hiyo haikuwa mbolea mbaya," alisema. "Ni shamba lililokuwa halina mlango."

Huko Tororo mkuu wa maabara alisoma taarifa akiwa amesimama dirishani.

"Kipande cha tatu hakikutunzwa kama tulivyopanga," alisema. "Huwezi kujenga hoja juu ya kosa."

"Ni kweli, bwana. Kwa hiyo naomba msimu mwingine, tulipange kosa hilo vizuri. Vipande sita. Vitatu na nyasi, vitatu bila."

"Sheria inataka mashamba safi."

"Ndiyo sababu naomba na barua," Owor alisema. "Iseme kwamba nyasi za shamba lile zimewekwa kwa amri ya maabara, na mwenye shamba asiguswe."

Mkuu alitazama chupa tatu ambazo Owor alikuwa amezipanga mezani. Tope lilikuwa limetulia, nene katika mbili, jembamba kama kucha katika ya tatu. Akapindua ukurasa wa kwanza tena.

"Huyu Abbo uliyemwandika hapa ni nani?"

"Ndiye aliyegundua, bwana. Mimi nilipima tu."

Mkuu hakulifuta jina. Barua ilitoka siku tatu baadaye, na muhuri wake. Mama Abbo hakujua kusoma, lakini aliikunja ndani ya kitambaa na kuiweka kifuani, na alipofika askari wa chifu mwezi wa Julai aliitoa kabla hajaulizwa. Askari aliisoma mara mbili, akaondoka.

Msimu wa pili, wa vipande sita, haukuwa laini. Mei ya 1955 mvua kubwa ilipiga siku mbili mfululizo, na ukanda mmoja ukapasuka kwa sababu ng'ombe wa jirani walikuwa wameula mpaka kwenye mizizi. Tope likajaa pipani sawa na vipande visivyo na nyasi. Owor aliandika hilo pia. Mama Abbo ndiye aliyetoa wazo la kupanda nyasi ndefu za kukatwa, ili ng'ombe walishwe zizini na mizizi ibaki. Walipanda wawili, wakiwa wameloa hadi magotini. Zubairi alisimamisha lori barabarani akawaletea mandazi, kisha akabaki kusaidia, ingawa alishika nyasi kama mtu anayeshika nyoka.

Mwisho wa mwaka hesabu zilisimama imara. Pamba ya vipande vyenye nyasi ilikuwa na majani ya kijani mpaka safu ya mwisho. Amri ya mashamba safi haikufutwa siku moja, lakini barua kama ile ya Mama Abbo zilianza kutolewa, kwanza Iyolwa, kisha Paya.

Paya ndiko Owor alikoitwa kuzungumza na wakulima mwaka 1956. Alimwomba Mama Abbo aende naye, na Zubairi akawapakia wote. Watu walijaa kwenye mteremko, wanawake wengi wakiwa na majembe begani. Owor alieleza habari za mapipa. Mwanamke mmoja, Loy, akauliza ukanda uwe na upana gani.

"Hatua tatu," Owor alisema.

"Mteremko huu ni mkali kuliko wangu," Mama Abbo akasema kutoka pembeni. "Hapa weka tano."

Watu waligeuka kumtazama. Hakushusha macho. Owor aliutazama mteremko tena, akakubali kwamba ulikuwa mkali, akampisha Mama Abbo asimame mbele. Mama Abbo alianza kutembea kukata mteremko akihesabu hatua kwa sauti, na wanawake wakamfuata, kila mmoja akichomeka kijiti pale alipoonyesha.