Mupaka wa Kumi

Kanyere, muuza viazi wa Butembo, alishuka kwenye pikipiki na gunia lake mbele ya kamba iliyofunga barabara ya Beni. Karte yake ya kura, ndiyo kitambulisho chake, ilibaki nyumbani, na askari mwenye kushika kamba alimutazama kama mwizi.

"Kama uko Mukongomani, taja inchi zote tunapakana nazo."

Alizitaja kwa hasira, kama alivyokariri shuleni: Angola, Burundi, Zambia, Tanzania, Rwanda, Sudani ya Kusini, Afrika ya Kati, Kongo-Brazzaville.

"Ni munane. Uganda iko wapi?"

Uganda? Kule ndiko walimuzika mama yake mudogo. Kule akisalimia kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, watu wanamuitikia kwa lugha ile ile.

"Ile hapana inchi ya jirani, shefu. Kule ni kwetu."

"Aha! Donc uko Muganda!" Askari alipiga gunia teke, viazi vikamwagika matopeni. "Kaa chini, mugeni!"

Watu wa foleni nyuma yake waliinamisha vichwa. Kanyere hakukaa.

"Kule Kasindi, kwa mupaka wa Uganda, ninavukaka, na hakuna mutu ananiita mugeni," alisema. "Mipaka yetu hapana tisa, iko kumi. Wa kumi ni hii kamba yako."