Kifungo cha Koti la Afisa

Nilimwonya baba tangu nyumbani. "Ukiulizwa unaweza nini, eleza siku zako mbaya. Nzuri ziache hapa hapa."

"Nimekusikia, mama," akasema. Baba huniita mama anapotaka ninyamaze.

Miaka thelathini alikuwa fundi cherehani, mpaka kiharusi kilipomharibia mkono wa kulia. Sasa vidole vinatetemeka, kijiko kinamshinda, na vifungo vya shati lake namfungia mimi. Tulikuwa tunaomba posho ya ulemavu. Tukiikosa, ningeacha kazi nikae naye, au nimwache peke yake na jiko. Njia ya tatu sikuiona.

Afisa wa tathmini alikuwa dada mpole mwenye fomu ndefu. Anauliza, anaandika. Baba wala hakuwa na habari na maswali. Alikuwa anatazama koti la afisa, ambalo kifungo chake kimoja kilining'inia.

"Mwanangu," akamwambia, "hebu lete hilo koti."

"Baba!"

"Mtu akae ofisini hivyo?"

Tayari alishachomoa sindano kwenye kola yake, anakoichomeka tangu ujana. Akaninyooshea, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikaipokea nikatunga uzi, kama nilivyozoea tangu nina miaka sita. Baba akashona huku jasho likimtiririka. Robo saa nzima, kifungo kimoja. Afisa akashukuru sana, akavaa koti lake, akaandika.

Siku tatu zilizofuata mkono ule haukuinua hata kikombe. Kisha barua ikaja: "Anaweza kushika vitu vidogo na kushona. Alama: sifuri." Ombi limekataliwa.

Nilifika dirishani kwao damu inanichemka. Karani aliniacha nibwate mpaka pumzi zikaniishia.

"Dada yangu," akasema, "hapa hatupimi ugonjwa. Kiharusi daktari kashaandika, hakuna anayebisha. Tunapima kama mtu anaweza jambo peke yake, kwa muda wa kawaida, na kesho akalirudia. Uzi alitunga nani?"

"Mimi."

"Alichukua muda gani? Na kesho yake je?"

Majibu yote nilikuwa nayo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi, kwa domo langu lote hili, sikuyasema. Nikajaza fomu ya rufaa pale pale, nimesimama.

Siku ya rufaa walikaa watu watatu nyuma ya meza. Afisa wetu alikuwa pembeni na faili, kavaa koti lile lile. Nikaeleza mbio mbio: uzi, robo saa, siku tatu za kikombe.

Mwenyekiti akamgeukia baba. "Mzee, ni kweli?"

Namjua baba yangu. Afadhali afe kuliko kukiri mbele za watu kwamba kazi imemshinda.

Baba alikuwa anatazama koti tena. Pale penye kifungo palibaki nyuzi mbili tu.

"Kilidondoka lini, mwanangu?"

Afisa akainamisha uso. "Siku ile ile, mzee. Nilikuwa nashuka ngazi. Niliona haya kukwambia."

"Miaka thelathini," baba akasema polepole, "hakijawahi kudondoka kifungo changu." Akauweka mkono wa kulia juu ya meza, ukatetemeka mbele yao wote, na hakuuficha. "Andikeni. Siwezi tena."

Maneno hayo niliyasubiri miezi mitatu. Yalipotoka, nilitamani ayameze.

Posho tukapewa. Tulipofika kwenye ngazi baba alisimama, akahangaika na kola yake kwa mkono wa kushoto mpaka sindano ikachomoka, akanipa.

"Kaa nayo wewe, mama."

Nikanyamaza.