Hatua za Mke wa Darubini

Mtu aliyezoea kukamata waongo huwa hadhani kwamba siku moja atakamatwa yeye. Ndivyo alivyokuwa Darubini. Jina hilo walimpa wenzake katika kampuni ya bima, maana kazi yake ilikuwa kukagua madai na macho yake hayakupitwa na kitu. Ukimletea picha ya gari lililogongwa, haangalii bodi kwanza, anaangalia kivuli. Kisha anakuuliza kwa upole mbona ajali ya asubuhi imepigwa jua la jioni. Wateja walimwogopa, na yeye, tusifichane, alipenda kuogopwa.

Ila kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Alikaa tangu anafika mpaka anaondoka, shingo mbele kama kobe anayechungulia, juu ya kiti kilichokwisha kupoteza gurudumu moja na kuegemezwa kwa kitabu cha zamani cha namba za simu. Mgongo ulimuuma hata akawa akitaka kupiga chafya anashika meza kwanza.

Basi kampuni ikaja na mpango wa afya. Kila mfanyakazi akapewa saa ya mkononi inayohesabu hatua, inayosikiliza mapigo ya moyo, na inayotetemeka ukikaa mno. Jioni unaisogeza karibu na simu yako, vinasomana, na habari zako zinakwenda kwa nesi wa kampuni. Atakayewapita wenzake kwa kutembea atapewa kiti kipya, chenye kuegemeza mgongo na kichwa. Anayetembea sana apewe kiti! Hayo ni ya wakubwa, sisi hatuyaulizi. Kiti kikawekwa mapokezi kikiwa bado na nailoni yake, na Darubini akakipenda kwa mapenzi ya kweli.

Kutembea ndiko hakukupenda. Saa ikamtetemekea katikati ya kikao, mkono ukiwa juu ya meza, ikanguruma hadi kila mtu akasikia.

"Darubini, miguu inakuita!" akasema mmoja, na watu wakacheka mpaka meneja naye akacheka. Wiki ilipokwisha, jina lake lilikuwa mwisho kwenye ubao wa hatua, chini hata ya mhasibu aliyekuwa na mguu kwenye plasta.

Jioni ile alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Kutwa alikuwa akikimbizana na watoto, akaenda na kurudi kwa miguu, na sasa, badala ya kukaa, alikuwa amesimama jikoni akipika. Darubini hakumwona amechoka. Aliona hatua.

"Mama watoto, lete mkono," akasema, akamfunga ile saa. "Zawadi yako. Inahesabu hatua, inasikiliza na moyo."

"Yangu? Kwani leo kuna nini?"

"Mpaka kuwe na kitu?"

Mkewe aligeukia sufuria akakoroga kisichohitaji kukorogwa, maana machozi yalikuwa yakimlengalenga. Darubini aliyaona. Akajiambia ni moshi, ingawa jiko lao lilikuwa la umeme.

Tangu hapo, kila jioni akawa anamshika mkono, anasogeza simu, anatazama. Hatua zilikuwa zinamiminika. "Safi," anasema, anauachia mkono, anarudi kwenye televisheni. Mapigo ya moyo nayo yalikuwa palepale kwenye kioo, chini kidogo ya hatua, lakini hayakuwa na kiti ndani yake, kwa hiyo hakuyasoma.

Ofisini akawa anavaa mikono mirefu na kufunga vifungo hata siku za joto. Alipanda lifti mpaka ghorofa moja kabla ya yao, akamalizia kwa ngazi, akafika akihema kweli. Na mdomo akaupata. "Maji, jamani, tunywe maji. Na shingo tuzinyooshe." Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alikuwa ananyoa mji mzima na chawa wakimtembea kichwani. Siku aliyoshinda, meneja mwenyewe ndiye aliyeivua nailoni. Watu wakapiga makofi, Darubini akakaa, mgongo ukatulia, akafumba macho.

Hakikumaliza hata kuzoea makalio yake, kiti hicho, nesi akaja kumsimamia mezani.

"Kaka, nakuomba chumbani kwangu mara moja."

Akainuka kwa furaha, akidhani anaitwa kupigwa picha ya mshindi ya kutundikwa ukutani. Nesi akafunga mlango.

"Unajisikiaje?"

"Mzima, Sista. Ni mgongo tu, na huo umeshapata dawa."

"Nimetazama mapigo yako. Ukiwa umelala moyo unakwenda mbio, halafu unaruka, halafu kama unataka kusimama. Na unazidi. Hili si jambo la kuchezea."

Uongo ukikaa sana nyumbani huwa mwenyeji. Darubini alishika kifua chake. Jasho likamtoka, akajiona kabisa yuko kitandani na watu wamemzunguka. Nesi akamfungua kifungo cha mkono wa shati ili ampime. Mkono ulikuwa mtupu, hauna hata alama ya mkanda. Nesi akaweka vidole, akasikiliza.

"Huu moyo ni mzima," akasema taratibu. "Si ule."

Darubini akashusha pumzi. Alishukuru. Ilikuwa ni kitambo kidogo tu, lakini alishukuru kwa moyo wake wote, na ndipo akaelewa anashukuru nini. Aibu iliyompata hapo hakuwahi kuipata maishani mwake.

"Saa anavaa nani, kaka?"

Swali la namna hiyo alikuwa amewauliza watu wengi. Akajisikia akijibu kama wao: "Yaani, Sista, ni hivi..."

"Anavaa nani?"

"Mke wangu."

"Mpeleke hospitali leo. Si kesho. Ya kiti utayajua mwenyewe."

Aliteremka ngazi zote kwa miguu, mbio, kwa mara ya kwanza. Alimkuta mkewe ghorofani shuleni, watoto wamelala kwenye mikeka, yeye ameketi kwenye kiti kidogo cha mtoto na kiganja kimekandamiza kifua.

"Twende hospitali," akasema akihema. "Kampuni... inapima familia za wafanyakazi."

"Kampuni? Leo? Na wewe umekimbia?" Mkewe akamkazia macho. "Nani kakwambia kama siko sawa? Sijamwambia mtu."

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, tena mzuri. Darubini akaumeza. Akachuchumaa kati ya mikeka, akanong'ona asiwaamshe watoto, akasema yote: saa, ubao, hatua, kiti. Yalikuwa machache kuliko alivyodhani, na kila moja lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Alijiona amemuuza mtu kwa kitu cha kukalia.

"Kwa hiyo si zawadi," akasema mkewe.

"Si zawadi."

Mkewe aliigeuzageuza saa mkononi. Mtoto mmoja alikohoa usingizini, naye akamvutia shuka, kisha ndipo akasema.

"Moyo umenianza siku nyingi. Sikwenda hospitali kwa sababu yako. Kila jioni ulikuwa unanishika mkono, unatazama, unasema safi. Nikajiambia, mume wangu anausikiliza. Kungekuwa na jambo angeniambia."

Darubini akanyoosha vidole aivue ile saa, angalau aiondoe machoni.

"Iache. Daktari ataitaka." Mkewe alijiinua polepole, akamwita mwalimu wa chumba cha pili awaangalie watoto, kisha akamnyooshea mkono. "Nishike. Ngazi siziwezi peke yangu."

Akaushika. Waliteremka ngazi moja moja, wakipumzika kila kona. Vidole vya Darubini vilikuwa juu ya mshipa, kando ya mkanda wa saa, na moyo wa mkewe ulikuwa unakimbia, unaruka, unakimbia tena. Ulikuwa hapohapo jioni zote zile, na hakuhitaji hata saa kuusikia.