Injini Tatu za Boksi

Mume wangu alifariki Alhamisi, saa nne kasoro asubuhi, wakati nimetoka kwenda kumnunulia gundi. Nilichelewa kidogo kwa sababu muuza duka alikuwa anatafuta miwani yake, nayo iko kichwani mwake. Nilirudi nacheka, nina kisa cha kumsimulia. Nikamkuta kwenye karakana yetu nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda kando ya gari alilokuwa akiliunda, ameegemea ukuta, penseli iko sikioni. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuteseka.

Alikuwa seremala wa milango na madirisha. Mtaa mzima ulimwita Sawasawa, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Mteja akitaka mlango ufungukie kushoto, sawasawa. Mke wa mteja akija jioni kutaka ufungukie kulia, sawasawa pia. Hakuwa mwongo. Hakupenda tu kumwona mtu akinuna mbele yake, basi alikuwa anakubali kwanza na kuhangaika baadaye.

Gari lile aliliunda kwa miaka minne. Ni nakala ya gari la michezo la zamani, viti viwili, halina paa, boneti ndefu mpaka unajiuliza mwenye gari atakaa wapi. Aliliona kwenye kalenda alipokuwa kijana, na picha yenyewe ilikuwa bado imegongomelewa juu ya benchi lake la kazi, mwezi wa saba wa mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Chesisi, ule mfupa wa chini wa gari, ni ya mabomba ya pembe nne. Bodi ni ya faiba, ameipiga msasa kwa mkono kama anavyopiga mlango wa mbao nzuri, mpaka ukipitisha kiganja hukwami popote. Usukani ulikuwepo, viti vilikuwepo. Kilichokosekana ni injini.

Alikuwa na utaratibu wake: boksi kwanza, chuma baadaye. Hakutengeneza kitu chochote cha gari lile kabla hajakikata kwenye maboksi, kwa ukubwa wake halisi, akakigundisha, akakijaribu mahali pake. Nimewahi kukalia kiti cha boksi, nikaombwa nisipumue sana. Ndiyo maana alipoondoka, ukutani kulikuwa kumening'inia injini tatu, zote za boksi.

Jumapili ya tatu baada ya mazishi walikuja watu watatu, kila mmoja akidhani amekuja peke yake. Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa na viatu vikubwa. Wa pili alikuwa jirani yetu, fundi wa injini, mzee mkavu anayetoa maneno kama anayatoa kwenye akiba. Wa tatu ni binti yangu, ambaye kazi yake ni kufunga umeme wa jua kwenye mapaa ya watu. Nikachemsha chai. Haijapoa, kelele zikaanza.

"Shemeji," mdogo wa marehemu akasema, "kaka aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe: silinda sita. Injini ya boksi tulikata wote, ile ya kushoto pale. Tukaitumbukiza, ikakaa kama mtoto mgongoni kwa mama yake."

"Ajabu," fundi akasema. "Mimi aliniambia nne."

"Nne? Hiyo si injini, hiyo ni cherehani."

"Cherehani inashona. Hiyo yako inakula tu."

"Mimi baba aliniambia umeme," binti yangu akasema, akaonyesha boksi la kulia, duara dogo na visanduku vya betri vimepangwa kando yake.

Wanaume wote wawili wakamgeukia. "Mwanangu," shemeji akasema kwa upole, kama anampa mtu pole, "hilo ni feni."

"Ni feni itakayokuacha kwenye taa za barabarani, baba mdogo, wewe na moshi wako."

Nilijua wote watatu wanasema kweli. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika taa na gundi, na nilisikia sawasawa tatu, kila moja na Jumapili yake.

"Na wewe, mama?" fundi akaniuliza. "Wewe alikuambia ipi?"

"Aliniambia nichemshe chai."

Wakacheka mpaka shemeji akamwaga yake. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika mle tangu Alhamisi ile.

Kuanzia hapo wakawa wanakuja kila Jumapili. Walikuwa wanabishana, wanapima, wanashusha injini za boksi na kuzipandisha tena. Mimi nilikaa mlangoni nikimenya viazi, nikisema, "Tutaona." Ukweli wangu sikumwambia mtu. Niliogopa. Nilijua nikichagua injini moja nitabaki na mtu mmoja, na hao wawili wataaga vizuri, watafunga geti, na Jumapili itakuwa ndefu kama mtaa usio na mwisho. Nimekaa na Sawasawa miaka ishirini na sita. Nikawa Sawasawa mimi mwenyewe.

Fundi ndiye aliyechoka kwanza. "Mama, nataka kuchomelea vishikizo vya injini kwenye chesisi," akaniambia. "Kila injini ina vya kwake. Nikishavichomelea, ndiyo hiyo hiyo. Jumapili ijayo nipe jibu."

Kabla ya hiyo Jumapili, shemeji akapiga simu, sauti imejaa sherehe. Amepata silinda sita kwenye yadi ya magari mabovu, safi, ya gari lililogongwa nyuma. Twende wote tukaione. Na boksi tuje nalo, tuwazibe watu midomo.

Basi Jumapili asubuhi tukapanda lori, sisi wanne, mimi nimepakata injini ya boksi kama keki. Kwenye yadi, mlinzi alituangalia, akaliangalia boksi, akasema, "Hiyo tuliyonayo ndani ni ya chuma lakini. Mtaiweza?"

Injini ilikuwa imelazwa juu ya matairi mawili, nyeusi, nzuri kweli. Hata fundi aliinama kuitazama bila kuitukana. Shemeji akachukua boksi mikononi mwangu, akaliweka kando ya injini, ubavu kwa ubavu.

Boksi lilikuwa fupi. Nyuma zilikuwa sawa, lakini mbele chuma kilizidi boksi kwa kiganja kizima na vidole viwili.

Shemeji akalisogeza boksi, akalirudisha. "Injini imetanuka," akasema. "Chuma kikilala juani kinatanuka."

"Kingekuwa kinatanuka hivyo," fundi akasema, "reli zote zingekuwa zimejikunja kama tambi."

Nikachuchumaa nikalishika boksi. Mkono wa mume wangu naujua, nilikuwa naufulia nguo. Mbele, karibu na feni, palikuwa na kiungo. Alikata kipande cha katikati, akarudisha uso wa mbele, akaugundisha vizuri mno hata ukiwa na macho mazuri huoni mpaka upitishe kucha. Alipima, akaona haiingii. Badala ya kumwambia mdogo wake, akaipunguza injini.

"Lini aliniambia niende kununua soda?" shemeji akauliza taratibu.

"Siku ile ile mliyoitumbukiza," nikamwambia. "Ulipokuwa dukani alikuwa na kisu mkononi. Nilidhani anakata pembe."

"Nikarudi, ikaingia. Tukacheza mle ndani, shemeji. Tulicheza!"

"Ndiyo alichotaka."

Fundi alianza kutabasamu, na tabasamu lake halikudumu, kwa sababu binti yangu alisema, "Twendeni nyumbani tukayaangalie na hayo mengine."

Tuliyaangalia. Kwenye boksi la binti yangu palikuwa na betri nane. Yeye alikuwa amepiga hesabu ya ishirini. "Nilimwachia karatasi," akasema. "Ishirini, nimepigia mstari!" Tukaitafuta karatasi, tukaikuta, na mstari upo, na chini yake penseli ya baba yake imeandika: zingine atakalia nani?

"Nane zinakupeleka sokoni," fundi akasema. "Kurudi unasukuma."

Boksi lake mwenyewe alilishusha kwa madaha, kama mtu anayeleta ushahidi mahakamani. Urefu ulikuwa sahihi, upana pia. Kisha shemeji, aliyekuwa anatafuta pa kupumulia, akauliza, "Na kichujio cha hewa kiko wapi?"

Hakikuwepo. Juu palikuwa pamekatwa bapa kama meza. Kichujio kikiwekwa juu yake, boneti ingebaki mdomo wazi kidogo, isingefunga.

"Ah," fundi akasema.

"Mkuki kwa nguruwe, mzee!" shemeji akapiga makofi. "Mtamu, eh?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Halafu nikaona wananitazama mimi.

Miezi yote ile nilidhani marehemu alikuwa na chaguo lake, amelificha mahali, na kazi yangu ni kulitafuta. Sasa nikajua hakuwa nalo. Alikuwa na watu watatu aliowapenda na kisu kikali.

"Bado inawezekana," shemeji akasema haraka. "Tunakata chesisi hapa, tunasogeza ukuta huu nyuma, viti vinarudi kidogo. Silinda sita inakaa. Kaka angekubali."

"Angekubali," nikasema. "Ndiyo maana nakataa mimi."

Akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha nyingine.

"Chesisi hiyo aliipima mwenyewe, kila bomba," nikaendelea. Nilikuwa nimeshaanza. "Silinda sita itakata chesisi. Betri zitakula kiti cha pili, na gari la kiti kimoja sitaki. Ya fundi inataka tundu moja tu kwenye boneti. Tutaweka silinda nne. Shemeji, hapana. Na wewe mwanangu, hapana."

"Mimi nilishajua nilipoona karatasi," binti yangu akasema. "Ila waya zote za gari hili ni zangu. Fundi asiguse."

"Sigusi," fundi akasema.

Shemeji aliweka kikombe juu ya benchi, chai nusu imo, akachukua funguo za lori akatoka. Alifunga geti vizuri, polepole, vile vile nilivyokuwa nikiogopa.

Jumapili iliyofuata hakuja. Fundi alikuja, akapima, akachora kwa chaki. Binti yangu alikuja na mfuko wa waya. Kazi ilikwenda, lakini hakuna aliyemtania mwenzake, na viazi nilivyomenya vilibaki.

"Atarudi," fundi akasema.

"Na asiporudi?"

"Injini tutanyanyua mimi na wewe, halafu mgongo wangu utakuja kukudai."

Nilingoja mpaka Jumatano. Marehemu angempigia simu akamwambia sawasawa, basi, lete silinda sita tutaona. Mimi nilipiga simu nikasema, "Nahitaji lori."

"La kubebea nini?"

"Cherehani."

Nikasikia honi upande wake, na mtu anauza kitu. Kisha nikamsikia akichekea puani, kile kicheko cha kaka yake.

"Iko wapi hiyo cherehani?"

"Fundi anajua."

"Inapakiwa saa ngapi?"

Jumapili alifika kabla ya chai, injini imefungwa kamba nyuma ya lori peke yake kama mheshimiwa, na turubai juu yake, ingawa hapakuwa na dalili ya mvua. Walipoitundika kwenye mnyororo wa kunyanyulia, alitoa jasho kuliko wote na kulalamika kuliko wote.

"Kumbe ina uzito, hii takataka."

"Polepole," fundi akamwambia. "Hiyo si mchanga."

Ilishuka kwenye nafasi yake bila kugusa bomba hata moja. Ikabaki habari ya tundu kwenye boneti. Fundi alitaka dogo, la kichujio tu. Shemeji akaja kuninong'oneza, na mnong'ono wake unasikika barabarani.

"Shemeji, tundu angalau liwe kubwa. Watu wakipita wafikiri ndani kuna sita."

"Hapana."

"Umeizoea hiyo hapana yako."

"Naizoea."

Akaenda zake kumsaidia binti yangu kushika waya, akaambiwa ameshika usio wenyewe.

Fundi alichomelea vishikizo siku hiyo hiyo, vinne, kabla ya saa kumi. Tundu lilikatwa dogo. Injini haijawaka bado, kwa sababu rejeta ya kupozea injini tuliyoipata inavuja chini, upande wa kulia. Wanakuja wote watatu Jumapili hii, saa nne, kuiziba.